Nimepata nafasi mbili za MBA. Je, ithibati ni hakikisho au ni muhuri tu?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni afisa wa mikopo katika sacco moja hapa Nairobi. Nina miaka sita kazini na digrii ya biashara ya daraja la pili la chini. Nimepata nafasi mbili za MBA. Ya kwanza ni ya jioni, katika kampasi ya mjini ya chuo kikuu kinachojulikana. Ni ya miaka miwili na karo yake inaniumiza kichwa. Ya pili ni ya mtandaoni, ya chuo cha ng'ambo ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Hiyo ni ya miezi tisa, karo ni nusu, na tovuti yao imejaa nembo za "ithibati ya kimataifa". Wanataka nilipe amana kufikia Ijumaa ili nipate punguzo. Kaka yangu aliye Dodoma ananiambia nisiangalie jina wala bei, niangalie ithibati tu. Mwenzangu kazini anacheka, anasema ithibati ni muhuri wa kununua na chuo ni chuo. Nani ana haki? Na hiyo ithibati inanihakikishia nini hasa?
Msomaji, Donholm

JIBU: Sijambo, dada, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Barua nyingi za namna hii hunifikia pesa ikiwa imeshakwenda. Hiyo amana ya Ijumaa iache kwanza. Punguzo la haraka haraka tumelizoea kwa wauza viatu wa Gikomba, na hata wao ukiondoka hatua tatu wanakuita urudi.

Kaka yako yuko karibu na ukweli kuliko mwenzako, ila ushauri wake una pengo. Neno "ithibati" peke yake halisemi kitu mpaka ujue nani ameitoa, ameitolea kitu gani, na kama ana uwezo wa kuichukua tena. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na kwangu mimi ndilo kubwa.

Chukua unga. Pakiti ya unga wa mahindi huwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Novemba 2019 shirika hilo lilipiga marufuku chapa tano baada ya vipimo kuonyesha sumu ya aflatoksini imepita kiwango, na baadhi yake zilikuwa jikoni mwetu siku hiyo hiyo. Nilisikia watu kwenye matatu wakilalamika kwamba basi ile alama haina maana. Mimi naona ndiyo siku alama ilipopata maana, kwa sababu sote tulijua kuna mtu anapima, na kwamba ukishindwa kipimo kuna jambo linakupata. Alama ambayo haijawahi kumponyoka mtu yeyote ni pambo.

Basi tuje kwa vyuo. Huku kwetu tumezoea kusema chuo au kozi "imeidhinishwa". Ndugu zetu wa Tanzania ndio waliolizoea neno ithibati, na ni neno zuri, nitalitumia. Kwa Kenya mwenye kazi hiyo ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kabla yake kulikuwa na Tume ya Elimu ya Juu iliyoanzishwa kwa sheria ya 1985, lakini macho yake yalikuwa zaidi kwa vyuo vya kibinafsi. Kila chuo cha umma kilikuwa na sheria yake ya Bunge, na kwa sehemu kubwa kilijikagua chenyewe. Ndipo 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wanaojilipia, vingine vikafuata, na MBA za jioni zikachipuka katikati ya jiji kama maduka ya simu: juu ya benki, juu ya mkahawa, ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi. Baadhi zilikuwa nzuri kweli, na mameneja wengi unaowaona leo walisoma humo. Shida ni kwamba hakukuwa na mtu wa nje wa kukwambia ipi ni ipi. Sheria ya 2012 iliweka vyuo vyote, vya umma na vya kibinafsi, chini ya mkaguzi mmoja, na 2014 vikaja viwango vilivyoandikwa ambavyo mtu yeyote anaweza kuvisoma.

Hapa ndipo wengi huteleza, na naomba ukae nami kidogo. Chuo kuwa na chata, yaani hati ya kudumu ya kuwa chuo kikuu, hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa. Chata ni ya chuo. Programu ya MBA huwasilishwa Tume ikiwa na mtaala wake, wahadhiri wake na vifaa vyake, nayo hupata idhini yake au hunyimwa. Tena mtaala ulioidhinishwa kufundishwa darasani haugeuki kuwa wa mtandaoni kwa sababu mhadhiri amejifunza kutumia Zoom. Viwango vya Tume vina sehemu nzima inayohusu masomo ya masafa na ya kielektroniki. Kwa hiyo ukiambiwa "tumeidhinishwa", swali la pili linafuata papo hapo: mmeidhinishwa kutoa MBA hii, katika kampasi hii, kwa njia hii?

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, tazama USIU-Africa pale Kasarani. Ina chata ya Kenya, na pia ina ithibati ya WSCUC, tume ya Marekani yenye makao California. Ni jambo zito, kwa sababu WSCUC hukagua chuo kizima: uongozi, fedha, jinsi kinavyopima matokeo ya wanafunzi. Lakini ithibati ya aina hiyo hukitazama chuo kama taasisi. Ithibati maalumu ya shule ya biashara, au ya MBA yenyewe, ni kitu kingine kinachotolewa na watu wengine. Nitafika huko.

Ukaguzi wenyewe hufanywaje? Kwa ufupi, chuo huandika ripoti ya kujitathmini, ambamo husema kinafanya nini, kwa ushahidi gani, na wapi kina upungufu. Kisha huja jopo la wenza, maana yake maprofesa wa fani hiyo hiyo kutoka vyuo vingine, mara nyingine pamoja na mtu wa sekta. Husoma ripoti, hutembelea madarasa na maktaba, hukutana na uongozi, walimu na wanafunzi, kisha hupendekeza idhini, idhini yenye masharti, au kukataa. Ukaguzi hurudiwa kila baada ya muda, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa kuwa siku ya kwanza kila bibi harusi ni mrembo.

Nimekaa kwenye majopo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, katika nchi zaidi ya moja, na naomba nikusimulie, kwa sababu ripoti hazisemi mambo haya. Katika chuo kimoja tuliingia maktaba tukakuta rafu nzima ya vitabu vya fedha na masoko vinanukia gundi. Nikachomoa kimoja, nikamuuliza mkutubi kimeazimwa mara ngapi. Mama yule alikuwa mkweli. Akanijibu, "Profesa, hivi vililetwa Jumanne." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mchana wake tulipewa orodha ya wahadhiri, na wawili kati yao niliwajua vizuri: walikuwa waajiriwa wa kudumu wa chuo kingine, na mmoja nilikuwa nimekunywa naye chai wiki iliyotangulia asitaje kazi mpya hata kidogo. Tuliandika tulichokiona. Programu ile haikupita mwaka huo. Ilirudi baadaye ikiwa na walimu wake, ikapita. Sasa niambie, huo ni muhuri wa kununua?

Kwa upande mwingine, siwezi kukudanganya kwamba majopo hayadanganywi. Hudanganywa. Ndiyo maana kikao ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha wanafunzi peke yao, walimu wakiwa wametoka nje. Huwa sina maswali mengi. Nauliza: mara ya mwisho ulirudishiwa kazi yako ikiwa na maandishi ya mhadhiri ni lini? Wakianza kutazamana, nimeshapata jibu langu.

Katika shahada za uzamili, kama utakumbuka jambo moja tu katika barua hii ndefu, kumbuka usimamizi wa utafiti. Majengo, viyoyozi, mkataba wa ushirikiano na chuo cha Ulaya, hayo yote ni mazuri, lakini MBA za Nairobi hufia kwenye mradi wa utafiti. Nina hakika hapo ofisini kwenu yupo mtu ambaye tangu umjue "amebaki na project tu". Amemaliza masomo ya darasani, amelipa karo yote, na msimamizi wake hajibu barua pepe. Viwango vya Tume vya 2014 vinasema mhadhiri mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamifu kwa mwaka wa masomo. Vinasema pia kwamba anayefundisha awe na elimu ya ngazi moja juu ya ile anayoifundisha. Kwa maana hiyo darasa la MBA lifundishwe na wenye PhD. Fanya hesabu wewe mwenyewe, maana hesabu ndiyo kazi yako. Wanafunzi 80 walio kwenye mradi wanahitaji wasimamizi wasiopungua 16, na hao 16 wasiwe na wanafunzi wengine popote. Ukienda ofisi ya kitivo ukakuta majina saba kwenye milango, tayari unajua utakavyoishi mwaka wa pili.

Kanuni hiyo haikuandikwa kwa kupenda karatasi. Juni 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilitunuku PhD 118 katika mahafali moja, wengi wa wahitimu wakiwa wa masomo ya biashara na usimamizi. Nchi ikashtuka, na Tume ikatumwa kuchunguza. Swali lililoulizwa na kila mtu lilikuwa lile lile la hesabu: hawa wote walisimamiwa na nani? Sisemi wahitimu wale hawakufanya kazi. Nawajua waliokesha. Lakini mfumo ukivunja uwiano, hata aliyesoma kwa jasho huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni, na huo ndio uonevu ambao ithibati ikifanya kazi yake humkinga mwanafunzi nao.

Liko jambo jingine ambalo wakaguzi wa shule za biashara hulipenda sana, nami nimelipenda kwa kuchelewa. Kwa Kiswahili naliita uthibitisho wa kujifunza. Zamani tulihesabu vilivyoingia: vitabu, viti, walimu wenye PhD. Siku hizi shule huulizwa, mhitimu wenu anaweza kufanya nini, na mmejuaje? Mathalani shule inasema mhitimu wake ataweza kusoma hesabu za kampuni na kuamua kama inastahili mkopo. Sawa. Basi chukueni kazi za darasa zima, muache alama ambazo mwalimu alishatoa, mzipime upya kwa vigezo vilivyoandikwa. Mkikuta theluthi ya darasa inachanganya faida na pesa taslimu (wewe wa mikopo unajua hilo limeua biashara ngapi), rekebisheni kozi, kisha mpime tena kundi linalofuata. Mzunguko huo ukiwepo, shule inajifunza. Usipokuwepo, kinachobaki ni alama, na alama za MBA, tuseme ukweli, hupanda kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Nimewahi kuona darasa ambalo hakuna aliyepata chini ya B. Nilipozisoma tasnifu zao nilikuta tatu zenye sura ya pili inayofanana neno kwa neno, na hata kosa la tahajia katika jina la wilaya lilikuwa lile lile.

Sasa hizo za kimataifa. Zinazoheshimiwa kwa shule za biashara ni tatu. AACSB ya Marekani ndiyo kongwe, ya 1916; huikagua shule nzima ya biashara na kurudi kila baada ya miaka kadhaa. AMBA ya London, ya 1967, hutazama programu za MBA zenyewe. EQUIS, iliyoanza 1997 chini ya EFMD, shirika la Brussels la kukuza elimu ya uongozi, hutazama shule nzima na uhusiano wake na waajiri na ulimwengu, na hutoa ithibati ya miaka mitano, au ya miaka mitatu kwa shule yenye mambo ya kurekebisha. Ukiona shule ina ile ya mitatu usiikimbie. Inaweza kuwa shule inayoangaliwa kwa karibu zaidi kuliko jirani yake. Zenye zote tatu ni chache mno duniani. Afrika zimo shule za biashara za Cape Town na Stellenbosch.

Napenda vigezo vya AMBA kwa sababu unaweza kuona mantiki yake bila kuelezwa. Hutaka wanafunzi wa MBA wawe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu baada ya digrii, na hutaka kundi lisiwe dogo mno, watu 20 hivi. Kwa nini? Kwa sababu nusu ya MBA hufundishwa na jirani yako wa dawati. Wewe wa sacco ukikaa na mhasibu wa hospitali, mtu wa bandari ya Mombasa na mwenye shamba la maua Naivasha, mkapewa kisa cha kampuni inayokosa pesa ya mishahara, mtajifunza kitu ambacho hakimo kitabuni. Darasa la vijana 11 waliomaliza digrii mwezi uliopita haliwezi kukupa hicho, hata mhadhiri awe nani. Wewe una miaka sita, kwa hiyo ulizia wenzako watakuwa kina nani.

Usidhani mashirika hayo hayakosei. Mwaka 1959 ripoti mbili nchini Marekani, moja iliyofadhiliwa na wakfu wa Ford na nyingine ya Carnegie, zilizishutumu shule za biashara kwa elimu hafifu. Shule zikajirekebisha kwa kukimbilia utafiti, zikakimbia mno, mpaka kukawa na maprofesa wa biashara ambao hawajawahi kuingia kiwandani. AACSB ilibadili viwango vyake 1991 ili kila shule ipimwe kwa kusudi ililojiwekea, na vya 2020 vinauliza hata mchango wa shule kwa jamii. Bado lawama ipo kwetu Afrika kwamba mbio hizi ni ghali na hutufanya tufanane na wengine: unasoma visa vya maduka makubwa ya Marekani, ilhali M-Pesa ilizaliwa hapa 2007 na wewe mwenyewe umekaa juu ya historia ya sacco ambayo wageni husafiri kuja kuitazama. Chama cha Shule za Biashara za Afrika, AABS, kina ithibati yake inayojaribu kuliangalia hilo, na natamani ingejulikana zaidi.

Nirudi kwa zile nembo ulizoziona. Sijaona tovuti hiyo na sitaihukumu, lakini nitakuonyesha jinsi ninavyozisoma nembo mimi. Kwanza natoa uanachama. Shule inaweza kuwa mwanachama wa AACSB bila kuwa na ithibati ya AACSB. Inalipa ada tu, kama wewe na kilabu cha mazoezi. Halafu natoa ISO 9001, ambayo vyuo vingi hupenda kuipachika langoni. Hiyo husema taasisi ina utaratibu wa kazi unaofuatwa. Inaweza kupewa hata kampuni ya kufua nguo, na haisemi lolote kuhusu MBA. Natoa pia cheti cha usajili wa kampuni. Zinazobaki nauliza: huyu aliyetoa ithibati naye anatambuliwa na nani? Marekani wakaguzi nao hukaguliwa, na Wizara ya Elimu au na baraza linaloitwa CHEA. Uingereza swali ni kama chuo kina mamlaka ya kisheria ya kutoa digrii. Mkaguzi asiye na mkaguzi ni mtu na kompyuta yake.

Na si mzaha. Mei 2015 gazeti la New York Times liliifichua Axact, kampuni ya Karachi iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo. Wale jamaa hawakuishia kwenye vyuo. Waliunda na mashirika ya ithibati ya bandia ili mteja mwenye shaka akichunguza apate jibu la kumtuliza. Ukipiga simu kuuliza kama chuo kina ithibati, anayepokea ni mfanyakazi wa kampuni ile ile. Ndiyo maana nimekwambia uangalie kama anayetoa anaweza kunyang'anya. Tafuta shule hata moja ambayo shirika hilo liliikataa, liliipa masharti au liliiondolea ithibati. Shirika la kweli lina historia ya ugomvi.

Usichanganye pia cheti bandia na programu isiyo na ithibati. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wake umekuta vyeti 2,067 vya kughushi miongoni mwa watumishi. Wale walijua walichofanya. Anayenisikitisha zaidi ni mtu aliyesoma kweli, akakesha, akalipa, akafaulu, kisha siku ya kupandishwa cheo akaambiwa shahada yake haitambuliki. Huyo hakughushi kitu. Alikosa tu kuuliza, na afisa wa rasilimali watu hawezi kumsaidia.

Kwa shahada ya nje, njia ni kuipeleka Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma uzamili ni ngazi ya 9, na kinachotazamwa ni kama hicho ulichosoma kinafika hapo kwa muda, kwa kina na kwa chuo kilichokitoa. Miezi tisa, ya muda wa ziada, kwa mtu aliye kazini, inanitia wasiwasi hata kabla sijaona jina la chuo. Zipo MBA halali za mwaka mmoja, lakini hizo huwa za kutwa nzima, na watu huacha kazi ili wazisome. Wewe waulize saa zote za masomo ni ngapi, kwa maandishi. Halafu iandikie Tume, uitaje programu kwa jina lake kamili, uulize kama shahada hiyo huwa inatambuliwa. Usikubali kujibiwa na chuo kwa niaba ya Tume.

Kwa kuwa una ndugu Dodoma, huenda siku moja ukahamia huko. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa likioanisha viwango vya nchi zetu, na 2017 jumuiya ilitangazwa kuwa eneo moja la elimu ya juu. Katika utendaji, wakaguzi wa vyuo wa huko, TCU ya Tanzania na NCHE ya Uganda, bado wataanza kwa kuuliza CUE inasemaje. Bila jibu la Nairobi hufiki mbali.

Je, ukiipata ile ya mjini yenye idhini zote, umehakikishiwa ubora? Hapana, dada. Stika ya ukaguzi kwenye kioo cha matatu inakwambia siku fulani breki zilishika. Haikwambii dereva wa leo jioni amelala saa ngapi. Ithibati hutazama shule mara moja kwa miaka kadhaa, na katikati mwalimu wako wa fedha anaweza kwenda likizo ya utafiti akaachia darasa kijana aliyemaliza juzi. Inakuhakikishia kwamba kuna kiwango cha chini ambacho mtu wa nje amekitazama, kwamba shahada itatambulika, na kwamba mambo yakiharibika kuna mlango wa kugonga. Yaliyo juu ya hapo itabidi uyatafute kwa miguu yako.

Kuhusu daraja lako la pili la chini, usijinyime. Kwa kawaida vyuo hutaka daraja la pili la juu, au la chini likisindikizwa na uzoefu wa kazi, na wewe uzoefu unao. Tena chuo kinachokuuliza kuhusu hilo kinakuheshimu kuliko kile ambacho hakijali ulipata nini.

Wiki hii fanya hivi. Tafuta kwenye orodha ya Tume kama hiyo MBA ya jioni imo, kwa jina hilo hilo na si linalofanana nalo. Nenda kampasi yenyewe jioni, saa kumi na mbili na nusu, ukaone taa ngapi zinawaka. Omba majina ya wanaosimamia miradi na idadi ya wanafunzi walioko kwenye mradi sasa. Ingia kwenye hazina ya tasnifu ya chuo hicho mtandaoni, vyuo vyetu vingi huziweka wazi, usome mbili za mwaka jana zinazohusu mikopo. Wewe ndiye mtaalamu hapo. Ndani ya kurasa kumi utajua kama mwandishi alikwenda kwa wakopaji au alikaa na kompyuta. Na wakikuruhusu kuketi nyuma ya darasa kabla ya kulipa, nenda Alhamisi. Jumatatu kila mhadhiri hufika.